"Chembe ya Mungu": Jina Hili Lilitoka Wapi, na Sisi Tulitumieje?



Vijana wapendwa, leo naomba tujifunze neno moja la fizikia. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kwaresima moja nilikuwa parokiani kwa kazi za kichungaji, nikapewa mada kwenye semina ya vijana: imani na sayansi. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya falsafa, kichwa kimejaa, na nilitaka niwashike vijana tangu dakika ya kwanza. Nikasema: "Jamani, wanasayansi wenyewe wamechimba mpaka ndani kabisa ya maada, wakakuta chembe inayoshikilia vitu vyote, wakaiita Chembe ya Mungu. Mnataka ushahidi gani tena?" Makofi yakapigwa. Nikakaa nimeridhika.

Baada ya semina binti mmoja wa kidato cha sita, anayesoma PCM, akanifuata taratibu. "Frateri, samahani. Bosoni ya Higgs haishikilii vitu vyote. Na hata waliyoitafuta wengi wao hawapendi hilo jina." Sikuwa na jibu. Usiku huohuo ukaingia ujumbe kwenye simu, kutoka kwa kijana aliyekuwa ameacha kusali karibu mwaka mzima: "Frateri, leo nimeamini. Kama wamempata Mungu kwa mashine, basi narudi kanisani."

Nilipaswa kufurahi, lakini usingizi ulikataa. Alikuwa anarudi kwa sababu ya jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa. Kesho yake nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Neno lenyewe

Jina la kitaalamu ni bosoni ya Higgs. "Bosoni" ni jina la kundi zima la chembe, na limetokana na mwanafizikia wa India, Satyendra Nath Bose. Mwaka 1924, akiwa anafundisha Dhaka, Bose alimtumia Einstein makala yake kuhusu mwanga, na Einstein akaikubali. Baadaye Paul Dirac akaziita chembe za aina hiyo bosoni kwa heshima yake.

"Higgs" ni Peter Higgs wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1964 aliandika kuhusu namna chembe za msingi zinavyoweza kupata masi. Hakuwa peke yake: mwaka huohuo Robert Brout na François Englert wa Brussels walitoa wazo kama hilo, na kundi jingine la watu watatu pia.

Ilichukua miaka 48 kuipata. Tarehe 4 Julai 2012 wanasayansi wa CERN, karibu na Geneva, walitangaza kwamba wameona chembe mpya inayofanana na ile iliyotabiriwa. Waliipata kwa kugonganisha protoni ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 27. Mwaka 2013 Higgs na Englert walipewa Tuzo ya Nobel. Brout alikuwa amefariki mwaka 2011.

2. Kazi yake ni nini?

Masi, kwa lugha rahisi, ni ule ubishi wa kitu unapotaka kukisukuma. Mkokoteni mtupu unasogea upesi, uliojaa mchanga unabisha. Swali lilikuwa: chembe ndogo kabisa, kama elektroni, hupata wapi ubishi huo?

Jibu lilikuwa kwamba ulimwengu wote, hata pale pasipo na kitu, umejaa uga. Tunaujua uga wa sumaku: huuoni, ila msumari unavutwa. Uga wa Higgs nao hauonekani. Elektroni huhusiana nao, ikawa na masi. Mwanga hauhusiani nao, kwa hiyo chembe za mwanga hazina masi. Bosoni ya Higgs ni kama kiwimbi cha uga huo. Ukiona kiwimbi unajua maji yapo, na ndiyo maana walikitafuta kwa juhudi zote zile.

Je, ni jambo dogo? Hapana. Kama elektroni isingekuwa na masi, atomu zisingeundika, na mimi na wewe tusingekuwepo.

Lakini yule binti alikuwa sahihi. Sehemu kubwa ya masi ya mwili wako haitokani na Higgs. Iko kwenye protoni na nyutroni, na humo karibu asilimia 99 hutokana na nishati ya kwaki na nguvu inayozifunga pamoja. Kama una kilo 60, Higgs ameweka pungufu ya kilo moja. "Inayoshikilia vitu vyote" lilikuwa neno langu, si la wanafizikia.

3. Basi nani aliiita ya Mungu?

Mwaka 1993 Leon Lederman, mwanafizikia Mmarekani mwenye Tuzo ya Nobel, alichapisha kitabu kuhusu utafutaji wa chembe hiyo, akakipa jina la Chembe ya Mungu. Mwenyewe alieleza kwa utani kwamba angependa kuiita "chembe iliyolaaniwa", kwa jinsi ilivyowasumbua na kula fedha, ila mchapishaji asingekubali. Jina likapendwa na magazeti, likazunguka dunia. Higgs, ambaye hakuwa muumini, hakulipenda. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba lingeweza kuwaudhi watu wa dini.

Fikirini kidogo. Mtu asiyeamini alijali jina la Mungu lisitumike ovyo, na mimi frateri nikasimama mbele za vijana nikalitumia ili nipigiwe makofi. Amri ya pili ya Mungu tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tumezoea kudhani inawahusu wanaoapa sokoni tu.

4. Kwa nini jina hili halifai

Kwanza, chembe ni sehemu ya kitu. Mungu si sehemu ya ulimwengu, hata iwe sehemu ya siri namna gani. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba Mungu si mwili wala hana sehemu. Hatutamkuta ndani ya handaki, na wasipomkuta humo hatujapoteza kitu.

Pili, kupata masi si kuumbwa. Uga wa Higgs unaeleza jinsi chembe zilizopo zinavyopata masi. Hauelezi kwa nini kuna chochote badala ya kutokuwepo chochote. Uga wenyewe nao umo katika hivyo "vyochote". Kwa imani yetu, nao ni kiumbe, kama mchungwa na nyota.

Tatu, Thomas huyohuyo anaonya kuhusu kutetea imani kwa hoja dhaifu: wasioamini watacheka, wakidhani hizo ndizo sababu zetu za kusadiki. Padre Georges Lemaître, Mbelgiji aliyeweka msingi wa nadharia ya mlipuko mkuu, naye hakupenda nadharia yake igeuzwe uthibitisho wa imani. Alikuwa padre na mwanafizikia, akaheshimu kazi zote mbili.

Hii haina maana sayansi na imani ni maadui. Katekisimu, namba 159, inafundisha kwamba haviwezi kupingana kweli, kwa sababu Mungu mmoja ndiye chanzo cha vyote viwili. Ajabu ya uga ule inaweza kabisa kutupigisha magoti. Lakini tumsifu Muumba kwa kile kilichopo kweli, tusikiongezee chumvi.

5. Yule kijana

Nilimpigia simu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, nilikosea. Hawakumpata Mungu kwa mashine. Lile ni jina la utani." Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa kinabaki nini?" Nikamwambia kinabaki Kristo mfufuka, ushuhuda wa mitume, na Ekaristi inayomngoja. Sikusikika kama mhubiri wa semina. Nilitetemeka sauti.

Siku tatu hakuandika. Siku ya nne akaandika: "Frateri, afadhali umeniambia. Bado sijui kama naamini. Jumapili nakuja, ila nitakaa nyuma."

Alikuja, na alikaa nyuma. Semina iliyofuata nilisahihisha maneno yangu mbele ya wote, kisha yule binti wa PCM akafundisha sehemu ya fizikia. Alifundisha vizuri kuliko mimi.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Je, umewahi kutumia hoja usiyoielewa ili kutetea imani? Ilikuwaje?
2. Mtu akikuambia "wamegundua Chembe ya Mungu, hivyo Mungu hahitajiki", utamjibuje kwa heshima?
3. Imani yako imesimama juu ya nini?

Tusali

Ee Mungu Muumba, umeumba vinavyoonekana na visivyoonekana. Utupe akili ya kutafuta, ulimi wa ukweli, na moyo wa kukiri tunapokosea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.