Kabla Hujashika Skrubu za Lenzi

Mtu akikulalamikia kwamba darubini yake ya lenzi imepoteza mhimili, mwulize kwanza alifokasi saa ngapi. Mara nyingi atakwambia alifokasi jioni, nyota zilipoanza kutoka, kisha akaiacha kamera ipige picha mpaka usiku wa manane. Hapo hakuna lenzi iliyohama. Kilichohama ni fokasi, na dawa yake haipo kwenye skrubu za mbele.

Darubini ya vioo hudai kupangwa upya mara kwa mara, nyingine karibu kila usiku. Ya lenzi haina usumbufu huo. Lenzi zake zimekazwa kiwandani ndani ya kikombe cha chuma, na nyingi huzeeka bila kuguswa. Kwa hiyo nyota zikitoka vibaya kwenye picha, anza kushuku joto, halafu fokasi, halafu umbali wa kamera, halafu mwinamo. Lenzi iwe mshukiwa wa mwisho.

Tuchukue darubini ambayo wengi huanza nayo: kipenyo cha lenzi milimita 80, urefu wa fokasi milimita 480, yaani f/6. Kwa f/6, nafasi ambayo sensa inaweza kusogea mbele na nyuma na nyota ikabaki kali ni kama mikroni 80 kwa jumla, unene wa unywele. Kwa f/5 nafasi hiyo hushuka hadi mikroni 55 hivi. Sasa weka joto kwenye hesabu. Alumini hurefuka au kusinyaa mikroni 23 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiwa sehemu kama Dodoma au Iringa wakati wa kiangazi, bomba la karibu nusu mita likipoteza nyuzi 10 kati ya magharibi na alfajiri, litasinyaa mikroni 110. Umeshavuka unywele wako, na hapo hatujaihesabu lenzi yenyewe, ambayo nayo hubadilika inapopoa.

Basi itoe darubini nje mapema, hasa kama ilishinda kwenye buti la gari. Lenzi ya vioo vitatu hupoa polepole kuliko ya viwili. Ipe saa nzima ukiweza. Ukiwa pwani, ifunge mkanda wa joto karibu na lenzi ya mbele kabla umande haujaanza kushuka. Ukungu mwembamba juu ya lenzi huzifanya nyota zivimbe taratibu, na mwenye darubini atabaki anazungusha kitasa cha fokasi akitafuta kosa ambalo halipo huko.

Sasa fokasi yenyewe. Chagua nyota inayong'aa iliyo juu angani, si ile ya upeo wa macho inayotetemeka na kubadilika rangi. Kwetu huku kusini mwa ikweta, Canopus na Sirius zinafaa sana kuanzia Desemba hadi Machi. Baadaye Spica huchukua zamu. Alpha Centauri iache, pamoja na mwanga wake wote: ni nyota mbili zilizokaribiana, na zitakuchanganya unapotafuta mstari mmoja safi.

Vika mdomo wa darubini kifuniko cha Bahtinov. Ni bamba lenye mianya iliyokatwa katika pande tatu, lililobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005, na kwa maoni yangu hakuna kifaa cha bei ndogo kilichowasaidia wapiga picha wa nyota kuliko hiki. Piga picha ya sekunde mbili au tatu, ikuze kwenye skrini. Utaona nyota imetoa miali mitatu: miwili inakatizana kama herufi X, na wa tatu unapita katikati, au pembeni. Ukizungusha fokasi, ni ule wa tatu unaotembea. Ukiwa kushoto ya makutano, umepitiliza upande mmoja. Ukiwa kulia, umepitiliza upande wa pili. Unapoigawa X sawasawa, na pengo la kushoto likalingana na la kulia, umefika. Usitegemee picha moja, maana hewa huyumbisha miali. Piga nne au tano uone kama mwali unarudi palepale.

Kuna mambo mawili yanayowaponza watu hata wakiwa na kifuniko hicho. La kwanza ni ulegevu wa gia. Kamera ina uzito, na darubini ikielekezwa juu, uzito huo unavuta bomba la fokasi chini. Ukimaliza kwa kulishusha, gia inabaki na mchezo, na kamera itaendelea kuteremka kidogo kidogo. Maliza kila mara kwa kulipandisha bomba dhidi ya uzito. Ukipitiliza, shuka zaidi ya ulipokuwa, halafu panda tena. La pili ni skrubu ya kufungia. Ukiikaza, bomba husukumwa pembeni na fokasi inaruka. Kaza, kisha piga picha nyingine uhakikishe. Halafu toa kifuniko! Wapo waliopiga saa nzima ya nebula huku kila nyota ina miali sita.

Mwenye mota ya fokasi anaweza kuiachia programu kama NINA kazi hii. Hupima ukubwa wa nyota katika vituo kadhaa na kuchora mkunjo wa herufi V. Sehemu ya chini kabisa ndiyo fokasi. Iamuru irudie kila joto linapobadilika nyuzi moja au mbili, na kila unapobadilisha chujio. Lenzi haikusanyi rangi zote mahali pamoja hata ikiwa ya bei kubwa, kwa hiyo fokasi uliyoipata kwa chujio la buluu si ya kuamini kwa nyekundu. Asiye na mota afanye vilevile kwa mkono, walau kila saa.

Sema fokasi ni safi, nyota za katikati ni nukta kali, lakini za pembeni zimerefuka. Angalia kama pembe zote nne zimeharibika kwa namna moja. Kama ndivyo, tatizo ni umbali kati ya sensa na flatena, ile lenzi ya nyuma inayonyoosha uwanja wa picha. Flatena nyingi hutaka milimita 55. Nyota zikirefuka kama spoku zinazotoka katikati, mara nyingi sensa iko karibu mno. Zikijipinda kuizunguka katikati, iko mbali mno. Ongeza au punguza ringi nyembamba, nusu milimita kwa nusu milimita. Na kumbuka chujio: kioo cha unene wa milimita 2 husogeza fokasi nyuma kwa karibu theluthi ya unene wake, kwa hiyo 55 yako inakuwa 55.7.

Ikiwa pembe moja au upande mmoja tu ndio ulioharibika, hapo kuna mwinamo. Kumtambua mkosaji ni rahisi. Piga picha, legeza kamera, izungushe nyuzi 90 bila kuigusa darubini, fokasi upya, piga tena. Uharibifu ukibaki kwenye pembe ileile ya picha, umefuatana na kamera: sensa au adapta imeinama. Ukihamia pembe nyingine, mkosaji yuko upande wa darubini, na mara nyingi ni bomba la fokasi linaloning'inia. Leza iliyowekwa mahali pa kamera itakuonyesha. Nukta yake ikitua katikati ya lenzi ya mbele, bomba limenyooka. Isipotua, legeza skrubu zinazoshika kitako cha fokasi ukinyooshe. Hakikisha kwanza leza yenyewe imenyooka: izungushe mahali ilipo, na kama nukta inachora duara, leza ndiyo mbovu.

Ukifika hapa na nyota ya katikati kabisa ya picha bado ina mkia upande mmoja, au ukingo mwekundu huku na wa buluu kule, ndipo lenzi inastahili kushukiwa. Toa kamera na toa kioo cha pembe, maana nacho kina makosa yake. Weka lenzi ya jicho ya milimita 3 ili upate ukuzaji wa mara 160, uelekeze kwenye nyota iliyo zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo. Chini ya hapo hewa peke yake hutandaza rangi za nyota ukadhani ni lenzi. Sogeza fokasi kidogo sana mpaka nyota ifunguke kuwa pete. Pete zikishiriki kitovu kimoja, funga kisanduku ukalale. Zikijikusanya upande mmoja, kikombe cha lenzi kimeinama. Zikiwa na umbo la pembetatu, lenzi imebanwa, na baridi huzidisha hali hiyo.

Kwa kuthibitisha mchana, tumia Cheshire: kijibomba chenye tundu la kuchungulia na uso mweupe ulioinama ndani. Funika lenzi ya mbele, mulika uso huo, chungulia. Utaona duara hafifu za mwanga zinazorudi kutoka kwenye nyuso za lenzi. Zikilaliana, mambo ni sawa. Zikiachana, kuna kazi.

Kazi hiyo inawezekana tu kama kikombe kina jozi tatu za skrubu, kila jozi ikiwa na moja ya kuvuta na nyingine ya kusukuma. Darubini nyingi za bei nafuu hazina. Weka alama ya kalamu kwenye kila skrubu ilipoanzia. Legeza ya kuvuta, sogeza ya kusukuma kwa sehemu ya nane ya mzunguko, kaza tena kwa alenki bila nguvu, rudi kuchungulia. Skrubu ndogo zilizo kandokando ya kikombe, zinazoelekea ukingo wa vioo, usiziguse: hizo huweka vioo katikati ya vingine, na kuzirudisha kunahitaji meza ya fundi wa lenzi.

Duara zikikutana, rudia jaribio la nyota usiku. Kisha ipakie darubini kwenye gari, ipitishe barabara ya vumbi, uipime tena kesho yake. Jozi ambayo haikukazwa sawasawa hujifichua kwenye safari hiyo ya kwanza.