Somo: Washirika wa vita wanapogombania mali

Vita vya Congo vilipoanza Agosti 1998, Zimbabwe ilituma askari kumsaidia Rais Laurent-Désiré Kabila. Novemba mwaka huo, mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, aliwekwa kuongoza Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba na kobalti hapa Lubumbashi. Machi 2000 Kabila alimwondoa. Msaada wa kijeshi ulikuwa umechanganyika na biashara.

Upande wa pili, Rwanda na Uganda zilishirikiana dhidi ya Kabila. Lakini ziligombania uongozi wa waasi, na pia almasi ya Kisangani. Juni 2000 majeshi yao yalipigana mjini humo siku sita. Mamia ya raia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo.

Tunajifunza nini? Mapatano ya siri juu ya mali huzaa shuku, na shuku huvunja urafiki. Wanaoumia zaidi ni wananchi.

Maswali ya kujadili
1. Katika kikundi chenu, nani anaruhusiwa kuona daftari la fedha?
2. Mkikosana juu ya mapato, mnamwendea nani kabla ugomvi haujakua?