SOMO: KOMPYUTA YA RAHISI – TUNUNUE AU TUSINUNUE?



Kusoma tumejifunza. Kuandika tumejifunza. Sasa vikundi vyetu hapa Pemba, vya mwani, vya ufugaji na vya kuweka na kukopa, vinaandika hesabu zao wenyewe. Na watoto wanarudi skuli wakituambia, "Daftari limepitwa na wakati. Tununueni kompyuta. Zipo za rahisi!"

Si neno baya. Lakini fedha ya kikundi ni jasho la watu. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Basi tufanye kama tunavyofanya na karafuu: tupime kwanza, ndipo tulipe.

Ni kompyuta gani hii?

Ni kompyuta ndogo ya kukunja, inayofanya kazi zake nyingi kwa intaneti. Inayojulikana zaidi inaitwa Chromebook. Ilianza kuuzwa mwaka 2011, na programu yake ni ya kampuni ya Google ya Marekani.

Tuchukue mfano. Mtu mmoja anaweka karafuu zake ndani ya nyumba yake. Mwingine anaziweka katika ghala kubwa la mbali. Kompyuta ya kawaida ni kama yule wa kwanza: kazi yako imo ndani yake. Hii ya rahisi ni kama yule wa pili. Nafasi yake ya ndani ni ndogo, na kazi yako inatunzwa katika mashine kubwa za kampuni, nchi za mbali. Ghala hilo watu wanaliita "wingu". Lakini si wingu la mvua. Ni mashine, na njia ya kuifikia ni intaneti.

Upande wa faida

Kwanza, bei. Nyingi ni za chini kuliko kompyuta za kawaida.

Pili, betri. Nyingi zinakaa na chaji saa nyingi. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 2010, na siku nyingine unakatika. Betri nzuri inasaidia.

Tatu, kazi haipotei ovyo. Kompyuta ikianguka majini au ikiibiwa, hesabu zilizofika ghalani zipo. Utazifungua kwa mashine nyingine, hata kwa simu, ukiwa na neno lako la siri.

Nne, virusi vya kompyuta haviipati kwa urahisi.

Upande wa hasara

Kwanza, njia ikikatika, huifikii ghala. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Watu wa Tanzania na nchi jirani walipata taabu ya mtandao kwa siku kadhaa. Ziko kazi zinazofanyika bila intaneti, lakini ni lazima uzitayarishe mapema, mtandao ukiwapo.

Pili, bando. Kompyuta unanunua mara moja, bando unanunua kila mara. Bei ya kweli ni kompyuta pamoja na bando la mwaka mzima.

Tatu, programu nyingi zilizotengenezwa kwa kompyuta za Windows haziingii humu.

Nne, umri. Mashine hizi zina tarehe ya mwisho ya kupata marekebisho ya usalama. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10 kwa zilizotoka kuanzia mwaka 2021. Miaka hiyo inahesabiwa tangu aina ile ilipotoka, siyo tangu siku uliyonunua wewe. Basi ya mtumba inaweza kuwa rahisi kwa sababu umri wake umekwisha. Nyingine zilikuwa za skuli za ng'ambo na bado zimefungwa. Ukiwasha, inadai jina na neno la siri la skuli ile. Hapo umenunua sinia.

Tano, ghala lina masharti. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15. Kwa hesabu za kikundi inatosha sana. Lakini akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Tufanyeje basi?

Kikundi chenye mtandao mzuri, na kazi ya kuandika barua na hesabu, kompyuta hii inakifaa. Mahali ambapo mtandao unashika juu ya mwembe tu, msiinunue. Tafuteni kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, mkaguliwe na fundi.

Kabla ya kutoa fedha, iwasheni pale pale dukani. Ingieni kwa akaunti yenu. Ulizeni tarehe ya mwisho ya marekebisho. Kisha zimeni intaneti, muone inabaki na kazi gani. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Neno la siri walijue watu wawili, siyo katibu peke yake. Akisafiri je? Na daftari msilitupe. Kila mwisho wa mwezi andikeni jumla ya hesabu kwa kalamu. Daftari halihitaji bando.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu mtandao unakatika mara ngapi kwa wiki?
2. Bando la mwaka mzima litakuwa shilingi ngapi? Jumlisheni na bei ya kompyuta.
3. Nani watatunza neno la siri la kikundi?
4. Kazi gani ya kikundi haiwezi kungoja mtandao urudi?

Zoezi: Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika faida, upande wa pili hasara, kwa hali ya kijiji chako. Lisome zoezi lako mbele ya wenzako kabla ya kupiga kura.