Burudani ya Pembeni

Somo letu la safari hii ni juu ya jambo ambalo watu hulifanya kila siku wala hawalihesabu kuwa ni jambo. Kila mtu ana burudani yake kubwa ambayo kwayo hujulikana: huyu ni mtu wa baraza, yule ni mtu wa mpira, na yule mwengine ni mtu wa bahari na mshipi wake. Lakini ukitazama vyema utaona kwamba burudani kubwa haikai peke yake. Pembeni mwake pana nyengine ndogo inayoifuata kama mtumbwi ufungwao nyuma ya jahazi. Barazani pana kahawa, na pembeni mwa kahawa pana bao. Penye mpira pana mabishano, na siku hizi pembeni mwa mabishano pana simu. Hiyo ndogo ndiyo tuiitayo hapa burudani ya pembeni.

Hatukuja kuwakataza watu kustarehe. Sahaba Handhala alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba hali ya moyo wake awapo mbele yake si ile awapo nyumbani na mkewe na watoto wake. Mtume akamfahamisha kuwa mwanadamu ana saa ya hivi na saa ya vile, na Hadithi hiyo ameipokea Muslim katika Sahihi yake. Basi kupumzika ni haki ya mwili. Suali letu ni jengine: ile saa ya mapumziko ikisha kupita, imetuachia nini? Nasi twasema kuwa jawabu yake, mara nyingi, haimo katika ile burudani kubwa. Imo katika hii ya pembeni.

UKILI MKONONI

Tuanze na mama zetu, kwani wao katika jambo hili ni walimu. Katika miji yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, burudani kubwa ya wanawake baada ya Alasiri ilikuwa ni kuzuriana na kuzungumza. Wala hapana aliyewalaumu kwa hayo. Lakini mama wa zamani hakwenda kuzungumza mikono mitupu. Alikuwa na miyaa yake ya mkindu, iliyokwisha kuanikwa na kuchanwa, na mengine imetiwa rangi. Ulimi ukizungumza, vidole vikisuka. Mazungumzo yakisha, ukili umezidi urefu, na baada ya siku nyingi za namna hiyo ukili ulishonwa ukawa mkeka.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mkeka huo. Juu yake watu hukaa wakala, mgeni hulala, watoto husoma chuoni, na watu wa nyumba husali. Na yote hayo yametoka katika saa ambazo mtu mwengine angalizihesabu kuwa zimepotea. Wanaume nao walikuwa na mfano wao: wako waliokaa barazani na kofia ya vito mapajani, wakishona tundu moja baada ya tundu, kazi ya majuma mengi, na kofia ikisha ikavaliwa Idi au ikauzwa pesa za halali.

Sifa ya burudani hii ni kwamba haikuivunja ile kubwa. Mazungumzo hayakukatika kwa sababu ya ukili. Ila ukili uliyapa mazungumzo mwisho wake wenye faida.

WENGINE WALISIKIA, MMOJA AKAANDIKA

Mfano wa pili ni wa Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mvita, alifariki 1840. Mashairi yake hayakufa siku hiyo, kwani watu waliendelea kuyasoma kwa moyo katika mabaraza yao na kustarehe nayo. Hiyo ilikuwa burudani kubwa, nayo ilikuwa ya kila mtu. Lakini kinachokaa katika vifua huondoka pamoja na vifua. Lau watu wote wangalitosheka na kusikia tu, leo tusingalikuwa na Muyaka ila jina.

Akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa elimu na mshairi yeye mwenyewe, aliyefariki 1890. Yeye aliyakusanya mashairi hayo kwa wayajuao, akayatia katika maandishi pamoja na maelezo ya sababu zake, akisaidiana na W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza aliyekuwa akikaa Mombasa. Kwa maandishi hayo William Hichens aliweza kuitoa diwani ya Muyaka 1940, miaka 100 kamili baada ya kufa mwenyewe.

Na baada yake tulimwona Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, aliyefariki 1959. Kazi za uliwali si chache. Juu ya hivyo alipata wakati wa kukusanya hati za tungo za zamani na khabari za mji, na 1950 alitoa kitabu juu ya Al-Akida na Ngome ya Mombasa. Hawa wote walipenda kusikiliza yale yale waliyoyapenda wenzao. Lililowatofautisha ni kalamu iliyokuwa pembeni.

BAO NA RAI YA WANAVYUONI

Huenda mtu akauliza: je, na bao? Halisuki mkeka wala haliandiki kitabu. Jawabu ni kwamba bao pia lina nafasi yake, na wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakulinyamazia jambo hili.

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana kete 32. Mwanzo wa mchezo huweka 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, akazinamua moja moja, na zikisha ndipo mchezo huingia katika mtaji. Hakuna dado wala bahati ndani yake. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na ashindaye ameshinda kwa hesabu.

Sasa tazama. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra (1566), katika kitabu chake Tuhfa, ametaja, kwa kumfuata Imam Rafii, mchezo uitwao minqala, ambao ni wa mashimo na vijiwe vinavyohamishwa kwa hesabu. Nao ni ndugu wa bao letu. Akabainisha kuwa mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikira hauharamishwi, na ule ambao tegemeo lake ni kubahatisha, kama ule wa dado, huharamishwa. Haya ni pale ambapo hapana mali yanayoshindaniwa. Mali yakiingia kati, hesabu haiutakasi mchezo tena, kwani hiyo imekuwa kamari, nayo imekatazwa wazi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90.

Basi bao lisilo mali huacha kitu: hunoa akili, na humkalisha kijana mbele ya mzee. Lakini lina sharti lake, nalo ni kwamba likae pembeni palipo mahali pake.

PEMBENI IKIGEUKA KATIKATI

Kwani burudani ya pembeni ina tabia ya kusogea. Mfano wake umo katika khabari za Baghdad. Abu Bakr as-Suli, aliyefariki mwaka 335 wa Hijra (946), alikuwa mwanachuoni wa adabu, mwalimu wa Khalifa ar-Radi kabla hajatawala, mkusanyaji wa diwani za washairi wakubwa na mwandishi wa tarikhi ya Bani Abbas. Pembeni mwa hayo alicheza sataranji, na hakuwa na mfano wake katika zama zake. Ilikuwaje? Ibn Khallikan anasema kuwa watu wengi walidhani yeye ndiye aliyeutunga mchezo huo! Vitabu vyake vikabaki kwa wachache, na jina lake likabaki kwa wacheza sataranji. Wala yeye hakupata khasara kubwa, kwani vitabu alikwisha kuviandika. Je, yule ambaye hana kitabu, na ile ya pembeni ikamla mzima mzima?

MKEKA WA SIMU

Hapa ndipo tulipokuwa twapataka. Vijana wetu wengi leo burudani yao kubwa ni mpira wa Ulaya. Kuutazama mpira kwa kiasi, pasipo kupoteza Sala, hatuna la kusema juu yake. Lakini pembeni mwake imeota burudani nyengine, nayo ni kuweka fedha juu ya matokeo kwa njia ya simu. Tangu ilipoanza M-Pesa 2007, fedha zimekuwa mkononi mwa kila mtu usiku na mchana, hata kijana haondoki tena alipoketi ili acheze kamari. Na ajabu ni kuwa ile orodha ya mechi anazozibashiria wameipa jina la mkeka.

Na tuupime mkeka huu kwa hesabu, kama tulivyolipima bao. Mwenye kucheza huchagua mechi tano, na hapati kitu ila zote tano zitokee kama alivyosema. Tuseme kila moja ina nafasi sawa ya kutokea na kutotokea. Basi zote tano kutokea pamoja ni mara moja katika 32. Akiweka mechi kumi, ni mara moja katika 1,024. Na mwenye kuendesha biashara hiyo hupanga malipo yake yawe pungufu ya hesabu hiyo, kwani faida yake yeye imo katika upungufu huo. Kwa hivyo katika wachezao wote kwa jumla, ni lazima fedha zitokazo zizidi zirudizo. Lau si hivyo, duka lingalifungwa.

Watasema: “Ni shilingi 20 tu.” Shilingi 20 kila siku, kwa mwaka mmoja, ni shilingi 7,300. Na aliyezikosa 20 leo, kesho hutaka kuzirejesha kwa 50. Watasema: “Yaongeza ladha ya mpira.” Nasi twaona kinyume chake: mwenye kuweka fedha hautazami tena mpira. Bao zuri la timu aliyoipinga humtia huzuni, na timu aipendayo huichukia kwa ajili ya shilingi zake. Hivyo ile ya pembeni imeila ile kubwa, kisha ikala nauli ya kesho, kisha ikala karo ya mtoto.

Basi linganisheni, ndugu zetu, mikeka miwili hii. Mmoja ulisukwa na mama asiyejua kusoma, saa kwa saa, hata ukawatosha watu wa nyumba nzima kuukalia. Na wa pili husukwa na mwanawe aliyesomeshwa, kisha nyumba haina pa kukaa.

VIPIMO VITATU

Kwa hivyo kila mmoja wetu na aipime burudani yake ya pembeni kwa mambo matatu. La kwanza: je, yaniachia kitu, ama cha mkono, ama cha akili, ama cha udugu? La pili: je, yakaa mahali pake, au imekwisha kuzisogelea Sala, kazi na watu wa nyumbani? La tatu: je, naweza kuifanya mbele ya baba yangu na mwanangu bila ya kuificha?

Na asiye na burudani kama hiyo hana haja ya kwenda mbali. Bado wako wazee wanaojua majina ya pepo na samaki, na vipande vya jahazi kimoja kimoja. Keti nao na kalamu, kama alivyoketi Mwalimu Sikujua. Bado wako mama wajuao kusuka. Waliopenda khati wajifunze khati, waliopenda asumini wapande asumini, na mwenye bao na alitoe nje awafunze watoto.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwakumbusha. Wabillahi taufiki.

Masuali ya kuzungumzwa katika darsa:
1. Burudani yako kubwa ni ipi, na ni ipi iliyo pembeni mwake?
2. Kwa nini Ibn Hajar ametenganisha mchezo wa hesabu na mchezo wa kubahatisha? Michezo ya karata na dhumna ichezwayo mtaani kwetu yaingia upande gani?
3. Ni jambo gani wazee wa mtaa wenu walijualo ambalo bado halijaandikwa, na ni nani kati yenu atakayeliandika?