Koti la Mvua kwa Wapanda Mlima

Katika familia nyingi za huku chini ya Kilimanjaro yupo kijana anayepanda mlimani. Huyu ni mpagazi wa wageni, yule anakwenda na wanafunzi wenzake. Mama humfungia chakula na blanketi, lakini koti la mvua hukumbukwa siku ya safari yenyewe.

Joto la mwili wenye afya ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Wengi hudhani hatari hiyo iko kwenye theluji tu. Sivyo. Kituo cha Horombo kiko mita 3,720 juu, na kila mita 1,000 tunazopanda hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Nguo zilizolowa, upepo ukizipiga, hunyonya joto la mwili upesi kuliko baridi kavu.

Koti la plastiki huzuia mvua, ila jasho nalo halina pa kutokea, hivyo mpandaji hulowa kwa ndani. Hata hivyo ni afadhali kuliko kukosa. Kwenye mitumba huonekana makoti mazuri yanayozuia mvua na kupitisha jasho. Ligeuze ndani nje: je, mishono imezibwa kwa utepe? Utando wa ndani umeanza kubanduka? Mwombe muuzaji amwage maji kidogo juu ya kitambaa, usubiri, kisha upapase chini yake. Mkono ukilowa, liache, hata kama rangi inapendeza. Liwe pana, sweta lienee ndani, na kofia yake ifungike kidevuni. Suruali ya mvua wengi huisahau, kana kwamba miguu haisikii baridi! Mwavuli uacheni nyumbani. Ukishatoka msituni, upepo huupindua.

Ndani msivae jinzi wala fulana za pamba, maana hukaa na maji. Sweta la sufu hutia joto hata likiwa na unyevu. Nguo kavu za kulalia zifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Mwenzenu akitetemeka sana, akijikwaa na kusema ovyo, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni hadi kichwani mkiacha uso wazi. Kama anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari. Akiacha kutetemeka ilhali mwili bado ni wa baridi, msidhani amepona. Hali imezidi, abebwe taratibu kushuka kwenye msaada. Pombe msimpe kamwe: hutanua mishipa ya ngozi, na joto lililobaki likatoka.