Gari la kwanza la kijana: kagua kabla ya kulipa

Kijana ametimiza miaka 18, leseni anayo, na fedha iliyopo inatosha IST au Vitz ya zamani. Sawa, ila:

• Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkikuta muuzaji ameshaliwasha "kulipasha", rudini siku nyingine. Moshi wa bluu maana yake linakula oili. Mweupe usiokoma, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua.

• Fungua swichi bila kupiga stata, utazame dashibodi. Taa ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa, iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, shuku: huenda balbu imeng'olewa ili usijue kasoro. Kwa dereva mgeni hapa hakuna mjadala, hata rangi ing'ae vipi.

• Tairi zisomwe ubavuni: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Kashata nzuri si hoja kama mpira umekauka na kupasuka.

• Namba ya chasisi ilingane na kadi. Angalieni madeni ya faini za barabarani, kisha mhamishe umiliki TRA. Msiridhike na karatasi ya kuandikiana.

• Odomita? Hurudishwa nyuma. Tazama pedali ya breki ilivyolika.

• Lipa fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Na usimalize fedha yote kwenye kununua: bakiza ya bima, tairi na breki.