Ndege wa Chumba cha Kompyuta

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Nami nakiri hapa kwamba katika chumba chetu cha kompyuta, aliyekuwa nguoni ni mimi, kiranja wa chumba hicho.

Mnamo Juni 2025, saa tano asubuhi, stima ilipotea ghafla. Stima ikipotea, kile kisanduku cheusi kilicho chini ya meza, yaani UPS, huipa kompyuta nguvu za betri kwa dakika tano hadi kumi hivi, mtu apate kuhifadhi kazi yake na kuzima pole pole. Siku hiyo skrini zote sita zilizimika papo hapo. Dada mmoja wa kidato cha nne alikuwa ameandika mradi wake wa KCSE tangu saa moja unusu bila kuuhifadhi. Aliitazama skrini ile nyeusi, hakulia wala hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Mwalimu aliita fundi kutoka mjini. Nikamwambia, "Fundi, betri ni nzima, taa ya kijani huwa inawaka." Akafungua UPS moja, akapima betri kwa mita: volti 12.6. Nikajiona bingwa. Kisha akaiunganisha na balbu ya taa ya gari. Lo! Mita ikashuka hadi volti 9, balbu ikafifia kama mshumaa.

"Umeona, kijana? Betri ikiwa imekaa tu itakudanganya. Ipe mzigo ndipo uijue." Akaniuliza, "Jioni nani huzima mein swichi?"

"Ni mimi, fundi."

"Na UPS zenyewe unazizima kwa vitufe vyake?"

Nikanyamaza. Kumbe kila jioni nilipozima mein swichi, UPS zilidhani stima imepotea. Zikala betri zao usiku kucha mpaka zikaisha kabisa, huku zikilia. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba kuna ndege wanaolia pii! pii! humo ndani. Tulimcheka.

Betri hizi ni za risasi na asidi kama ya gari, ila zimefungwa, haziongezwi maji. Betri inapoisha chaji, chumvi iitwayo salfeti ya risasi hujishika kwenye bamba zilizo ndani. Ukiichaji upesi, chumvi hiyo huondoka. Ukiiacha tupu siku nyingi, kama nilivyoziacha kila Ijumaa hadi Jumatatu, chumvi inakuwa ngumu na bamba hazipati nafuu tena. Betri inayotunzwa hudumu miaka mitatu hadi mitano. Zetu zilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu! Joto nalo ni adui: juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri kwa nusu hivi. UPS mbili zilikuwa dirishani zikiota jua, nazo tulizihamisha siku hiyo hiyo.

Kubadilisha si kazi ngumu, lakini inataka adabu. Kwanza unazima UPS, unaichomoa ukutani, unavua saa na pete. Unatoa waya mweusi wa hasi, halafu mwekundu. Bisibisi isiguse ncha zote mbili kwa pamoja, kwani shoti ya betri huchoma mkono. Soma maandishi ya betri kuukuu ununue ya kipimo hicho hicho. Zetu ni za volti 12. UPS kubwa zenye betri mbili hubadilishwa zote mbili, maana ile mbovu itaivuta nzima. Kurudisha ni mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Ukibadilisha nyaya hizo, UPS yenyewe inaweza kuungua.

Betri kuukuu hatukuzitupa kwenye shimo la takataka. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliumia kwa sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fundi alizirudisha kwa aliyetuuzia mpya.

Siku hizi kila mwezi ninapima. Kazi zote zikishahifadhiwa, ninazima swichi ya ukutani bila kuchomoa plagi, ili waya wa ardhini ubaki umeungwa, kisha ninatazama saa. Ikishindwa kufika dakika tano, ninamwarifu mwalimu.

Usiku ule wa kwanza tuliziacha zichaji, mein swichi haikuzimwa. Asubuhi nilipofika langoni mlinzi akaniita kando. "Kiranja," akasema, "wale ndege wenu wamehamia wapi?"